Amana ya Mkanda: Tarehe ya Waamuao Mshindi wa Mieleka

Zamani za kaseti za video, mieleka ya Marekani ilipokuwa ikizungushwa mtaani kutoka nyumba hii hadi ile, na runinga moja ikiwakusanya watoto wa vichochoro vitatu, haikupita jioni bila mtu mzima mmoja kusimama mlangoni, kutazama kidogo, kisha kuuliza: hawa wanapigana kweli au wanacheza? Watoto tuliapa kwa kila kiapo tulichokijua kwamba ni kweli, yeye akatikisa kichwa akaenda zake, na jioni ya pili swali likarudi kama lilivyokuwa. Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na kadiri nilivyozidi kuisoma tarehe ya kazi hii ndivyo nilivyozidi kuyakinisha kwamba halikuwa swali baya, bali lilisimama mlangoni kama mwenye kuliuliza, lisiingie ndani. Kwamba mshindi wa mieleka ya kulipwa huchaguliwa kabla ya kengele kulia ni jambo ambalo Wamarekani wenyewe walikwisha kuandikiwa magazetini tangu miaka ya 1930. Lililo zito zaidi ni hili: ni nani achaguaye, kwa mamlaka gani, na huwaje pale mmoja wa waliopatana faraghani anapoyavunja mapatano mbele ya kadamnasi? Hapo ndipo lilipo pambano la kweli, nalo lina pande tatu: yuko mwenye kupanga, yuko mwenye kupigana, na yuko yule aliyelipa kiingilio, ambaye aghalabu hudhaniwa kuwa ndiye mdanganywa, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akiwahukumu wenzake wawili muda wote.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mieleka ilikuwa mchezo mkubwa wa Marekani, na kamari iliuandama kila ulikokwenda. Frank Gotch, mtoto wa mashamba ya Iowa, alikutana mjini Chicago tarehe 3 Aprili 1908 na George Hackenschmidt, mzaliwa wa mji wa Dorpat katika nchi iitwayo leo Estonia, ambaye Ulaya nzima ilimwita Simba wa Urusi. Wakashikana kwa zaidi ya saa mbili hata Hackenschmidt akasalimu amri, akalalamika baadaye kwamba mwenzake alijipaka mafuta mwilini ili asishikike. Walipokutana mara ya pili katika mji ule ule, tarehe 4 Septemba 1911, ndani ya uwanja mpya wa besiboli wa Comiskey Park, walihudhuria watazamaji wapatao 30,000. Hackenschmidt aliingia ulingoni goti likiwa limeumia mazoezini, naye Gotch akamwangusha mara mbili mfululizo pasipo taabu kubwa. Watu walirudi makwao na tashwishi iliyodumu kuliko pambano lenyewe, wakihisi kwamba wameuziwa kitu ambacho wauzaji walijua kwamba hakimo ndani ya kifurushi. Siku zile mshabiki alikuwa akidai ukweli, kwa kuwa fedha yake ya kamari ilitegemea ukweli huo.

Lakini ukweli nao ulikuwa na ila yake, na asiyeikubali ila hiyo hawezi kuwaelewa waliokuja baadaye. Watu wawili wenye nguvu sawa na ujuzi sawa wakishikana kwa kweli, hutokea kwamba hapana kitu cha kutazama: hulala chini, mmoja akibana na mwingine akivumilia, saa zikapita. Tarehe 4 Julai 1916, mjini Omaha, Joe Stecher na Ed Lewis walishikana kwa muda wa karibu saa tano juani, na mwisho wake ukawa sare. Ukweli uliwachosha watu waliokwisha kuchoka na udanganyifu, na mapromota wakabaki na mchezo usioaminika ukiwa na hila, usiotazamika ukiwa hauna hila.

Katika miaka ya 1920 walitokea watu watatu wakalitafutia tatizo hilo dawa. Wa kwanza alikuwa Lewis huyo huyo, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Robert Friedrich, mtu wa Wisconsin aliyepewa lakabu ya Mnyongaji, mashuhuri kwa namna alivyovibana vichwa vya wenziwe. Wa pili ni Billy Sandow, msimamizi wake katika mambo ya fedha na mikataba. Na wa tatu ni Toots Mondt, ambaye mimi humhesabu kuwa ndiye fundi halisi wa yote yaliyofuata. Mondt aliichanganya mieleka na ngumi na purukushani za makambi ya wakata miti, akauwekea mchezo mpaka wa muda, na kubwa kuliko hayo, badala ya kuwakodi wapiganaji wawili kwa usiku mmoja, yeye na wenziwe wakawafunga wapiganaji wengi kwa mikataba na kuwazungusha mji hadi mji, hivi kwamba pambano la leo lilizaa sababu ya pambano la mwezi ujao. Hapo ndipo alipozaliwa mpangaji: mtu asiyeonekana ulingoni, ambaye haimpasi kujua nani ana nguvu, bali humpasa kujua watu watamtaka nani kesho, na watachoka na nani keshokutwa. Baadaye watatu hao waliitwa Utatu wa Vumbi la Dhahabu, na jina liliwastahili, kwani fedha waliyoichuma ilikuwa nyingi na haikukaa.

Haikukaa kwa sababu ya kosa moja, ambalo naona lafaa lisimuliwe kwa urefu, maana tarehe yote iliyobaki imo ndani yake kama mti ndani ya kokwa. Mwishoni mwa mwaka 1924 watatu hao waliona kwamba watu wamechoka kumwona Lewis akishinda kila usiku, wakamtafuta mtu mpya, wakampata Wayne Munn, jitu la miraba minne lililotoka katika kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska. Munn alikuwa na umbo la kuvuta macho, lakini elimu ya mieleka ilikuwa haijamwingia. Tarehe 8 Januari 1925, mjini Kansas City, Lewis alikubali kuangushwa na Munn, shauri likiwa kwamba jitu lile litazungushwa kama bingwa, viwanja vijae, kisha Lewis aurejeshe mkanda kwa kiingilio kikubwa kuliko vyote. Ili kumjengea Munn jina, wakamwita Stanislaus Zbyszko, Mpolandi mkongwe aliyekwisha kupita umri wa miaka arobaini, aje Philadelphia tarehe 15 Aprili, ashindwe, apokee ujira wake aende. Zbyszko alikuja. Lakini kabla ya kuja alikuwa amekwisha kupatana na kambi ya Joe Stecher, hasimu wa watatu hao; na kengele ilipolia akamkamata bingwa yule asiyejua mieleka, akambwaga, akambwaga tena, akamlaza chali mbele ya watu wote mara nyingi hata mwamuzi asiweze kujitia upofu. Tarehe 30 Mei, huko St. Louis, Zbyszko akaukabidhi ubingwa kwa Stecher kama walivyoagana. Siku ile ile Lewis akamwangusha Munn huko Michigan City katika jimbo la Indiana, na kambi yake ikadai kwamba ubingwa haukuwahi kuwatoka. Wakawako mabingwa wawili wa dunia kwa karibu miaka mitatu, mpaka Lewis alipomshinda Stecher mjini St. Louis tarehe 20 Februari 1928.

Tangu siku ya Philadelphia kila aliyeifanya kazi hii alijua jambo ambalo mshabiki wa nje hakulijua: mkanda wa ubingwa, katika mchezo ambao mshindi hupangwa, hauwezi kuwa tuzo ya ushindi, bali ni amana. Mwenye kuuvaa ameaminiwa. Ameshikishwa mali ya wenziwe, na siku watakapomwambia aivue anatarajiwa aivue kwa utulivu. Amana yahitaji mmoja kati ya mambo mawili, ama uaminifu wa anayeishika, ama nguvu za kumlazimisha asipokuwa mwaminifu. Utatu ule ulimpa amana mtu asiyeweza kuilinda, na ikaporwa mchana.

Kuhusu kufichuka kwa siri sitasema mengi, kwa sababu taathira yake ilikuwa ndogo kuliko wengi walivyohofu. Promota mmoja wa New York, Jack Pfefer, alipoona wenzake wamepatana kugawana biashara na kumwacha yeye nje, alikwenda mwishoni mwa mwaka 1933 kwa Dan Parker, mhariri wa michezo wa gazeti la Daily Mirror, akamfungulia sanduku lote la siri, na Parker akayaandika. Zaidi ya miaka miwili baadaye Dick Shikat alimgeuka bingwa Danno O'Mahoney ndani ya Madison Square Garden, tarehe 2 Machi 1936, kwa namna ile ile Zbyszko alivyomgeuka Munn, na kesi ya mikataba iliyofuata huko Columbus, Ohio, ikawafanya watu wa mieleka wayasimulie mambo yao mahakamani. Biashara ikadhoofika, lakini haikufa. Watu waliendelea kununua tiketi, na hapo ndipo panaponishangaza hata leo, kwani ina maana kwamba mamia ya maelfu ya watu waliokwisha kuambiwa kwamba mshindi hupangwa waliamua kuja kutazama namna alivyopangwa. Swali la ukweli likaanza kuliachia nafasi swali la insafu: je, aliyepewa ushindi alistahili kupewa?

Mwezi Julai 1948 mapromota wachache walikutana katika hoteli moja mjini Waterloo, Iowa, wakaunda umoja ulioitwa National Wrestling Alliance, wenye bingwa mmoja wa wote ambaye angezunguka katika himaya ya kila promota, akikaribia kushindwa na kipenzi cha kila mji, ila asishindwe. Bingwa huyo alichaguliwa kwa kura za mapromota, na mzee wa umoja kwa muda mrefu alikuwa Sam Muchnick wa St. Louis, mtu aliyesifiwa kwa kulipa alichoahidi. Umoja ulijifunza kwa makosa ya mwaka 1925. Baada ya Orville Brown, bingwa wao wa kwanza, kuumia vibaya katika ajali ya gari mwezi Novemba 1949, mkanda ulipewa Lou Thesz, na pamoja na haiba yake walimtaka kwa kuwa alizijua zile njia za kukunja viungo vya mtu hata vivunjike, hivi kwamba yeyote ambaye angejaribu kumgeuka ulingoni angejuta kabla hajasimama. Fauka ya hayo, bingwa aliwekeshwa dhamana ya fedha, arudishiwe siku atakapouvua mkanda kama alivyoagizwa. Nguvu na rehani: ndizo nguzo mbili za amana ile. Umoja huo ulikuwa pia na upande wa dhuluma, maana mapromota walipatana kutoingiliana na kumfungia milango yeyote asiyekubaliana nao, mpaka Wizara ya Sheria ya Marekani ikawatia mkononi, nao mwaka 1956 wakatia saini hati ya kuacha mwenendo huo. Wakatia saini, mwenendo haukubadilika sana.

Kura za mapromota zilipogongana na mapenzi ya mji mmoja, mji ulishinda. Bingwa Buddy Rogers alikuwa akitumiwa mno na mapromota wa kaskazini-mashariki, Vincent J. McMahon na yule yule Toots Mondt tuliyemwacha miaka ya 1920, na wenziwe wa miji mingine wakalalamika kwamba hawamwoni. Wakaamua aupoteze mkanda kwa Thesz mjini Toronto, tarehe 24 Januari 1963. Nayo imesimuliwa mara nyingi kwamba kabla ya pambano Thesz alimweleza Rogers kwamba anaweza kuutoa kwa wema au kwa maumivu. McMahon na Mondt wakajitenga, wakatangaza ubingwa wao wenyewe, na tarehe 17 Mei 1963, ndani ya Madison Square Garden, Bruno Sammartino, mhamiaji kutoka kijiji cha Pizzoferrato katika milima ya Italia, akamshinda Rogers kwa sekunde 48.

Sekunde 48 ni muda mfupi mno, na mtu angetazamia kwamba hadhira iliyolipa kiingilio ingenung'unika. Hawakunung'unika. Ndani ya New York walikuwamo Waitalia wengi waliofika kama alivyofika Sammartino, na wahamiaji wa makabila mengine waliomwona kuwa mtu wao. Ushindi ule wa haraka waliuona kuwa haki iliyochelewa, na haki iliyochelewa haimchoshi mtu kwa kuja upesi. Aliubeba mkanda siku 2,803. Usiku wa tarehe 18 Januari 1971 alipoangushwa na Ivan Koloff, aliyejifanya Mrusi ilhali alikuwa Mkanada, ukumbi ulinyamaza, hata Sammartino mwenyewe akasimulia baadaye kwamba alidhani masikio yake yameharibika. Watu walikuwa wakilia. Hao si watu waliodanganywa. Wengi wao walikwisha kusikia yote yaliyoandikwa na Parker na waliomfuata. Walilia kwa sababu walikuwa na hisa katika uamuzi ule, na mpangaji alikuwa ameitumia hisa yao. McMahon alilijua deni hilo, naye akalilipa baada ya siku 21 tu, kwa kumpa mkanda Pedro Morales wa Puerto Rico, ambaye naye alikuwa na halaiki ya watu wake mjini humo. Namhesabu McMahon mzee miongoni mwa wapangaji bora kwa jambo hilo moja: alijua kwamba hasira ya watu ni mkopo, na kila mkopo una siku yake.

Mwanawe, Vincent K. McMahon, aliinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982, akavunja mipaka ya himaya za mapromota wenziwe, akawachukua wapiganaji wao na saa zao za televisheni, na kwa kumpandisha Hulk Hogan mwezi Januari 1984 na kuanzisha WrestleMania tarehe 31 Machi 1985 akaigeuza mieleka kuwa biashara ya dunia nzima, ile iliyotufikia sisi kwa kaseti. Hayo yanajulikana. Lisilokumbukwa sana ni kwamba mwezi Novemba 1985 bingwa wa wanawake, Wendi Richter, aliyekuwa akibishana na kampuni juu ya ujira wake, aliingia Madison Square Garden kupambana na mpinzani aliyefunikwa uso, akajikuta ameshikwa na Fabulous Moolah, mkongwe wa kazi hiyo, mwamuzi akahesabu tatu pasipo Richter kukubali wala kuambiwa, naye akaondoka jengoni usiku ule ule. Na mwaka 1989, mbele ya serikali ya jimbo la New Jersey, kampuni hiyo ilikiri rasmi kwamba mieleka ni tamasha la burudani, ili isisimamiwe na tume ya michezo. Ikirari ile iliitoa hadharani siri iliyokuwa imelindwa kwa viapo, lakini desturi za chumbani zilibaki: nani yu karibu na tajiri, nani ana sikio la mpangaji, nani akisema neno jina la mwenzake hufutwa.

Mfano mmoja wa desturi hizo waonyesha jinsi nasibu inavyoweza kumzidi mpangaji. Tarehe 19 Mei 1996, baada ya pambano la mwisho ndani ya Madison Square Garden, Kevin Nash na Scott Hall, waliokuwa wakihamia kampuni hasimu ya WCW, walikumbatiana katikati ya ulingo na Shawn Michaels na Hunter Hearst Helmsley, maadui na marafiki wa hadithi pamoja, mbele ya watu wote. Wakongwe waliona kwamba heshima ya kazi imekanyagwa. Wawili walikuwa wakiondoka, Michaels alikuwa bingwa, hivyo adhabu ikamwangukia Helmsley peke yake, na mashindano ya Mfalme wa Ulingo aliyokuwa amepangiwa kuyashinda mwezi Juni akapewa Steve Austin. Austin, katika hotuba yake ya ushindi, aliyatamka maneno yaliyochapwa baadaye juu ya mamilioni ya fulana, na kwa miaka iliyofuata hapakuwa na mtu aliyeiingizia kampuni fedha kama yeye. Stelingi mkuu wa zama zake alipatikana kwa adhabu ya mtu mwingine.

Sasa nafika Montreal, nami nitakwenda polepole. Bret Hart wa Calgary, mwana wa Stu Hart aliyewafundisha mieleka watu wengi katika sardabu ya nyumba yake, alikuwa ametia saini mwaka 1996 mkataba wa miaka 20 na McMahon, akikataa fedha nyingi za WCW. Mwaka uliofuata McMahon akamwambia kwamba hana uwezo wa kuutimiza mkataba ule, aende akatafute kwa wale wale aliowakataa. Hart akaenda, huku angali bingwa. Mkataba wake ulimpa, kwa siku zake za mwisho, haki ya kuwa na kauli juu ya namna atakavyoonyeshwa. Naye akasema kwamba hatakubali kushindwa na Shawn Michaels, ambaye walichukiana kwa dhati, mbele ya Wakanada wenziwe, bali yu tayari kuuvua mkanda mahali pengine au siku nyingine. McMahon akakubali kwa maneno kwamba pambano la tarehe 9 Novemba 1997 litavurugika pasipo mshindi. Usiku ule Michaels alimfunga Hart kwa mkabo ule ule wa miguu uliokuwa silaha ya Hart mwenyewe, na mwamuzi Earl Hebner, kabla Hart hajasalimu wala kufikiria kusalimu, akaashiria kengele ilie, McMahon akiwa amesimama kando ya ulingo akiamuru. Hart akamtemea mate tajiri wake usoni, akachora hewani kwa kidole herufi za kampuni aliyokuwa akiiendea, na baadaye chumbani akampiga ngumi. Mkanada Paul Jay alikuwa akimpiga Hart picha za filamu majuma yale, na mazungumzo ya Hart na McMahon juu ya mapatano yalinaswa kwa kinasa sauti. Kwa hiyo hapana nafasi ya kusema kwamba ahadi haikutolewa.

Wamteteao McMahon wana hoja, nayo si ya kupuuzwa. Mwaka 1991 bingwa Ric Flair alifukuzwa WCW ilhali dhamana yake ya dola 25,000 haijarudishwa, akauchukua mkanda na kuutokeza katika televisheni ya McMahon. Mwezi Desemba 1995 bingwa wa wanawake wa McMahon, Madusa, aliutupa mkanda wake ndani ya pipa la taka katika televisheni ya WCW. Mtu aliyeyaona hayo mawili ana sababu ya kuogopa la tatu. Hata hivyo, mimi sikubali kwamba hofu inahalalisha hiana. Hart alikuwa amekwisha kusema atauvua. Alichobisha ni mahali na siku, na mkataba ulimpa haki ya kubisha. Amana ina pande mbili: anayeaminiwa hudaiwa uaminifu, na mwenye mali naye hudaiwa kutimiza neno. McMahon alikwisha kulivunja neno la miaka 20, kisha akalivunja la siku moja. Thesz alimwendea Rogers uso kwa uso akamweleza. McMahon alitabasamu, akaahidi, akatumia kengele. Na kwa kuwa hasira ya watu ni mtaji kwa anayejua kuutumia, akaigeuza izara yake kuwa hadithi, akawa yeye mwenyewe tajiri mwovu ambaye Austin alimpiga juma baada ya juma, na kufikia Aprili 1998 akaanza kuishinda tena WCW kwa idadi ya watazamaji baada ya kushindwa majuma zaidi ya 80.

WCW nayo ilikufa kwa ugonjwa wa upande wa pili. Huko Hulk Hogan, aliyekwisha kumwacha McMahon, alikuwa na mkataba uliompa kauli juu ya mapambano yake mwenyewe, na wapangaji wakawa wakiwaandikia wakubwa badala ya watu waliolipa. Tarehe 4 Januari 1999, mjini Atlanta, Kevin Nash alijibwaga chini akiwa bingwa kwa kuguswa kidole kifuani na Hogan, mkanda ukarudi kwa Hogan, na mbele ya uwanja uliojaa watu wakacheka wenyewe. Mwezi Machi 2001 McMahon aliinunua WCW.

Baada ya hapo hadhira haikuwa na soko la pili kubwa la kuhamia, ikabaki na sauti yake tu. Mshabiki wa zama hizi ni mjuzi. Tangu miaka ya 1980 kulikuwa na majarida madogo, la Dave Meltzer likiwa mashuhuri, yaliyowaeleza wasomaji yanayojiri faraghani, na sasa mtazamaji humjua mpangaji kwa jina kama anavyomjua mpiganaji. Tarehe 26 Januari 2014, mjini Pittsburgh, watu walipoona kwamba Daniel Bryan, mtu mfupi wa umbo aliyewateka kwa ustadi, hakuingizwa kabisa katika shindano la watu 30, walimzomea hata Rey Mysterio kipenzi chao, kwa kosa la kuwa yeye ndiye wa thelathini, kisha wakamzomea mshindi Batista mpaka mwisho. Kampuni ikabadili mpango, na tarehe 6 Aprili mjini New Orleans Bryan akashinda mapambano mawili usiku mmoja, akautwaa mkanda.

Miaka mitano baadaye ilikuwa zamu ya Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliyetumikia miaka kumi na mmoja katika kampuni hiyo akishangiliwa na asitazamiwe. Mwezi Februari 2019 aliingizwa mahali pa Mustafa Ali aliyeumia, akapigana kwa zaidi ya saa nzima katika usiku mmoja, na watu wakaanza kudai jina lake kila ukumbi, mpaka wapangaji wakasalimu amri. Tarehe 7 Aprili, huko East Rutherford, New Jersey, alimwangusha bingwa, ambaye alikuwa Daniel Bryan yule yule, sasa amegeuzwa kuwa adui. Akawa wa kwanza kuzaliwa Afrika kuuvaa mkanda huo, na mwaka huo huo akazuru Ghana akiwa nao begani. Tarehe 4 Oktoba, katika usiku wa kwanza wa kampuni hiyo kwenye kituo kipya cha televisheni, alipambana mjini Los Angeles na Brock Lesnar, akashindwa kwa sekunde chache, pungufu ya zile zilizomtosha Sammartino kumshinda Rogers, kisha akarejeshwa katika mapambano ya watu wawili wawili.

Katika muda mfupi kama ule Sammartino alipewa watu wake, na Kofi akanyang'anywa. Mkanda ule ulitolewa kwa sauti za watu, na kwa maoni yangu haukuwa wa wapangaji kuutwaa kwa namna ile. Watu wanaolalamika hata leo wana haki. Kofi Kingston aliubeba mkanda siku 180.